Viatu vya mbio: Kwa nini kiatu cha mazoezi si kiatu cha siku ya mashindano

Septemba 12, 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alikata utepe akiwa wa kwanza katika Marathoni ya Vienna, Austria, kwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 22. Furaha yake haikudumu. Waamuzi walikagua viatu vyake na kukuta soli ina unene wa sentimita 5, wakati kanuni inaruhusu 4 tu. Aliondolewa kwenye matokeo, na ushindi ukaenda kwa Mkenya Leonard Langat, aliyemaliza sekunde 3 nyuma yake.

Kabla ya mbio hizo, Hurisa alikuwa ameandikisha kiatu kingine kilichokuwa halali kabisa. Alichokivaa asubuhi ile ni aina ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia mazoezini, lakini hairuhusiwi mashindanoni.

Wakimbiaji wengi wa kwetu hawatapimwa soli na mwamuzi. Hata hivyo, kila msimu wa Kilimanjaro Marathon kule Moshi, mbio za Nairobi au za Dodoma unapokaribia, swali ni lile lile: kiatu gani ni cha kufanyia mazoezi na kipi ni cha kushindania? Na kwa mwenye pesa ya jozi moja tu, aanze na ipi? Katika makala hii tunaeleza tofauti iliyopo, sayansi imegundua nini, na jinsi ya kununua bila kuumia mguu wala mfuko.

Kazi mbili, viatu viwili

Tuanze na hesabu ndogo. Mtu anayejiandaa kwa marathoni kwa wiki 12, akikimbia kilomita 40 kila wiki, atakuwa amekimbia kilomita 480 kabla ya siku yenyewe. Ukiongeza zile 42 za mashindano, jumla ni 522. Maana yake ni kwamba zaidi ya tisa ya kumi ya safari nzima hukimbiwa na kiatu cha mazoezi, na ndiko majeraha mengi hutokea.

Kiatu cha mazoezi kimetengenezwa kubeba mzigo huo. Soli yake ya chini ina mpira wa kutosha, kisigino kimeshikwa vizuri, na mguu unatulia hata mkimbiaji anapochoka. Kwa kawaida kimoja huwa na uzito wa kati ya gramu 250 na 300.

Kiatu cha mashindano kimepunguzwa kila kinachoweza kupunguzwa. Kitambaa cha juu ni chembamba, mpira wa chini umebaki vipande vichache, na uzito mara nyingi uko karibu na gramu 200 au chini ya hapo. Upungufu huo una faida, kwani vipimo vinaonyesha kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu humfanya mkimbiaji atumie takriban asilimia 1 zaidi ya nishati. Lakini wepesi una gharama yake. Septemba 2023, Tigst Assefa wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia ya wanawake mjini Berlin, saa 2:11:53, akiwa amevaa kiatu cha Adidas chenye uzito wa gramu 138. Kiliuzwa dola 500 za Marekani, na kampuni yenyewe ilieleza kuwa kimekusudiwa marathoni moja pamoja na muda mfupi wa kukizoea.

Ndani ya kiatu cha kaboni kuna nini?

Viatu vinavyoitwa vya kaboni vilianza kutikisa mbio za barabarani kuanzia mwaka 2017. Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 mjini Vienna kwa saa 1:59:40, muda ambao haukuhesabiwa kuwa rekodi kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi na alisaidiwa na wakimbiaji waliopokezana kumwongoza. Siku iliyofuata, Brigid Kosgei alikimbia saa 2:14:04 mjini Chicago na kuivunja kwa sekunde 81 rekodi ya Paula Radcliffe iliyokuwa imedumu tangu mwaka 2003. Wote wawili walikuwa wamevaa viatu vya kizazi hicho kipya.

Siri yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni povu la soli ya kati, ambalo ni jepesi na laini kuliko lile la zamani. Mguu unapokanyaga, povu linabonyea. Mguu unapoinuka, linarudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyolibonyeza, badala ya kuipoteza kama joto. Ya pili ni bamba jembamba la kaboni lililolazwa ndani ya povu hilo. Bamba hilo hukaza soli, hupunguza kazi ya vidole vinapojikunja, na husaidia povu nene lisiyumbe.

Watu wengi hudhani bamba ndilo linalofanya kazi kubwa. Watafiti waliwahi kulikata kwa msumeno ndani ya viatu vya aina hiyo, kisha wakapima tena matumizi ya nishati ya wakimbiaji. Mabadiliko yalikuwa madogo sana. Kwa mnunuzi, hilo ni somo la maana: kiatu cha bei ya chini kilichoandikwa "kaboni" ubavuni, lakini chenye povu la kawaida, hakikupi kile unachodhani umelipia.

Je, kinamfaa kila mtu?

Utafiti uliovipa umaarufu viatu hivi ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kwa wakimbiaji 18. Kwa wastani waliokoa asilimia 4 ya nishati wakilinganishwa na walipovaa viatu vingine vya mashindano vya wakati huo. Asilimia 4 ya nishati si asilimia 4 ya muda. Dakika zinazopungua kwenye saa ni chache kuliko hapo. Pia huo ni wastani tu.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mwingine uliowahusisha Wakenya 7 wa kiwango cha dunia. Walipima aina tatu za viatu vipya na kuzilinganisha na kiatu chembamba cha zamani cha mashindano. Matokeo yalitofautiana mno: kuna aliyepata nafuu ya asilimia 11.4 kwa kiatu kimoja, na kuna aliyepata hasara ya asilimia 11.3. Hawa ni watu wa kiwango kimoja, lakini kilichomsaidia mmoja kilimrudisha nyuma mwenzake.

Kasi nayo ina uzito wake. Wakimbiaji wa kawaida walipopimwa wakikimbia kilomita 12 kwa saa, wastani wa nafuu ulikuwa asilimia 1.4. Kwa kilomita 10 kwa saa, mwendo unaomaliza marathoni kwa zaidi kidogo ya saa 4, nafuu ilishuka hadi asilimia 0.9. Kwa hiyo anayekimbia nusu marathoni ili amalize tu, akiwa na furaha na magoti salama, hatapoteza kitu kikubwa akivaa kiatu chake cha mazoezi.

Zaidi ya hapo kuna suala la afya. Mwaka 2023 madaktari wa michezo waliripoti visa vitano vya wakimbiaji waliopata majeraha ya msongo kwenye mfupa wa katikati ya mguu baada ya kutumia viatu vya bamba la kaboni. Visa vitano havitoshi kukihukumu kiatu, lakini vinatosha kuhimiza tahadhari. Soli ngumu na nene hubadilisha mahali ambapo mguu hupokea uzito, na mifupa na kano huhitaji wiki kadhaa kuzoea. Ndiyo maana ni vyema kuvianza taratibu: kilomita chache za kasi mara moja kwa wiki, wala si kila asubuhi.

Kanuni zinasema nini?

Shirikisho la riadha duniani, World Athletics, liliweka mipaka Januari 31, 2020. Katika mbio za barabarani, soli isizidi milimita 40 na kiatu kisiwe na zaidi ya bamba moja gumu. Kwa mbio za uwanjani, tangu Novemba 2024 unene wa mwisho ni milimita 20. Shirikisho hilo pia huchapisha orodha ya viatu vilivyoidhinishwa.

Mkimbiaji wa kujifurahisha hana haja ya kukosa usingizi kwa ajili ya kanuni hizi. Lakini kijana anayewania zawadi ya fedha, au anayetaka muda wake utambuliwe, aangalie orodha hiyo kabla ya kununua. Baadhi ya viatu vinavyouzwa madukani vimeuzidi unene huo kwa makusudi, kwa kuwa vimetengenezwa kwa ajili ya mazoezi.

Kuchagua kiatu cha mazoezi

Hapa ndipo pesa ya kwanza inapopaswa kwenda. Mambo ya kuzingatia si mengi.

*Kipime jioni.* Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na huvimba zaidi ukikimbia. Kiatu kilichokukaa sawasawa saa mbili asubuhi kinaweza kukubana kilomita ya 15. Vaa soksi utakazokimbilia, simama wima, kisha hakikisha mbele ya kidole kirefu pamebaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Fuata ulio mkubwa.

*Usinunue namba tu.* Namba 42 ya kampuni moja inaweza kuwa sawa na 43 ya nyingine. Umbo nalo linatofautiana. Ikiwa kidole kidogo kinasugua ukutani mwa kiatu ukiwa bado dukani, usikubali maneno kwamba "kitapanuka".

*Usitishwe na habari za mguu bapa.* Kwa miaka mingi wauzaji wamekuwa wakiangalia unyayo wa mteja na kumwambia anahitaji kiatu cha kumnyoosha. Jeshi la Marekani lilijaribu jambo hilo kwa maelfu ya makuruta: kundi moja lilipewa viatu kulingana na umbo la unyayo, na jingine lilipewa aina moja bila kujali umbo. Waliopewa kwa kufuata umbo hawakupata nafuu ya maana katika majeraha. Kigezo kinachoaminiwa zaidi leo ni rahisi: kiatu unachohisi kinakustarehesha unapokimbia, hata hatua chache tu mbele ya duka. Mwenye maumivu ya kudumu, huyo amwone daktari au mtaalamu wa viungo kabla ya kumwona muuza viatu.

*Tazama unapokimbilia.* Barabara za vumbi za Iten au Mbulu si sawa na lami ya Dar es Salaam au Mombasa. Udongo ni laini na hupunguza kishindo, lakini una mawe na matope. Huko unahitaji soli yenye meno na upana wa kutosha ili kifundo kisipinduke. Kwenye lami tambarare, meno hayana kazi. Unahitaji mto mzuri chini ya mguu na mpira usiolika haraka. Hata mashindano hayalingani: Lewa Marathon nchini Kenya hukimbiwa kwenye njia za vumbi ndani ya hifadhi ya wanyama, ambako kiatu chembamba cha lami chenye povu laini kinaweza kukuyumbisha badala ya kukusukuma.

*Ukiweza, zungusha jozi mbili.* Utafiti uliofanywa Luxembourg uliwafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22. Waliokuwa wakibadilisha viatu tofauti walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 39 kuliko waliotumia jozi moja tu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kila kiatu huupa mguu mzigo wa namna yake, hivyo sehemu moja haionewi kila siku.

Mitumba na feki

Kwa wakimbiaji wengi wa Afrika Mashariki, duka la viatu ni Gikomba, Karume au meza ya mitumba iliyo karibu na stendi. Hakuna aibu katika hilo, na kiatu kizuri cha mazoezi hupatikana humo. Kinachotakiwa ni jicho.

Weka kiatu juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kikiwa kimelalia upande mmoja, kimeshachukua mwendo wa mwenyewe wa kwanza, nawe utalazimika kuufuata. Geuza soli uangalie kisigino na eneo la chini ya vidole. Mpira ukiwa umeisha hadi povu linaonekana, muda wake umepita. Kisha bonyeza povu ubavuni kwa kidole gumba. Likiwa gumu kama ubao, au likiwa na mikunjo mingi isiyorudi, halitakukinga tena, hata kama kitambaa cha juu kinang'aa. Soma na kilebo cha ndani: viatu vingi huwa na tarehe ya kutengenezwa. Povu na gundi huzeeka hata kiatu kikiwa ndani ya boksi.

Kwa sababu hiyo, kiatu cha kaboni cha mtumba ndicho cha kuogopwa zaidi. Povu lake huchoka mapema, na mara nyingi kinafika sokoni baada ya mwenyewe wa kwanza kukimaliza. Kinachobaki ni bamba gumu juu ya povu lililokufa.

Feki nazo zimejaa, hasa za aina zinazovaliwa na mabingwa. Linganisha namba ya bidhaa iliyo kwenye kilebo cha ndani na ile ya kwenye boksi, zikitofautiana, rudisha. Angalia mishono na gundi iliyomwagika kandokando. Shika kiatu mkononi: cha mashindano kinachokuwa kizito kama cha kazi hakina siri yoyote ndani yake. Na bei ikiwa robo ya ile ya duka rasmi, kiatu kikiwa kipya, jibu unalo tayari.

Kiatu huchoka lini?

Kiatu cha mazoezi kwa kawaida hudumu kati ya kilomita 500 na 800, kutegemea uzito wa mkimbiaji, mwendo wake na barabara. Kwa anayekimbia kilomita 25 kwa wiki, kilomita 600 ni karibu miezi sita. Kwa anayekimbia 60, ni wiki 10 tu. Andika tarehe uliyoanza kukitumia. Ukianza kusikia maumivu mapya kwenye magoti, mifupa ya mbele ya mguu au shavu la mguu, huku mazoezi hayajabadilika, kitazame kiatu kwanza.

Matunzo huongeza siku. Baada ya mvua au matope, toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu na ukiache kivulini penye upepo. Usikianike karibu na jiko wala kukiacha juani mchana kutwa, maana joto hulegeza gundi na kukausha povu. Pia usikivae sokoni na kazini; kila hatua ya huko inahesabiwa.

Kuelekea siku ya mbio

Kanuni ya zamani kuliko kaboni ni hii: siku ya mashindano si siku ya kujaribu kitu kipya. Mwaka 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma akiwa peku, kwa saa 2:15:16. Alikuwa amezoea kukimbia hivyo, na hakutaka kuibebesha miguu yake kiatu kisichomkaa. Miaka minne baadaye mjini Tokyo alivaa viatu, akashinda tena na kuweka muda bora wa dunia.

Hata mabingwa hupata mitihani. Mjini Berlin mwaka 2015, soli za ndani za viatu vya Kipchoge zilichomoka na kuning'inia nje tangu kilomita za mwanzo. Alishinda kwa saa 2:04:00, lakini alimaliza akiwa na malengelenge na mguu unaotoka damu. Mkimbiaji wa kawaida katika hali hiyo angeketi kando ya barabara.

Kwa hiyo kama una kiatu cha mashindano, kivae angalau mara tatu au nne kabla: mara mbili kwenye mazoezi mafupi ya kasi, kisha mara moja au mbili kwenye mbio ndefu ya kilomita 15 hadi 20, sehemu yake ikiwa kwa mwendo wa mashindano. Tumia soksi zile zile na funga kamba kwa namna ile ile. Kata kucha siku tatu kabla, wala si usiku wa kuamkia mbio. Kikikusugua mazoezini, kiache nyumbani, hata kama ni cha bei gani.

Ukiwa na pesa ya jozi moja

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwamba kiatu hakimfanyi mtu kuwa mwanariadha. Lakini mkulima naye halimi msimu mzima kwa jembe lenye mpini uliovunjika.

Mwenye uwezo wa jozi moja anunue kiatu cha mazoezi kinachomkaa vizuri, akitumie pia siku ya mbio, mradi kiwe kimetembea kilomita za kutosha kulainika lakini hakijachakaa. Pesa ya pili ikipatikana, inunue kiatu kingine cha mazoezi cha aina tofauti ili azungushe. Kiatu cha kaboni kiwe cha tatu, kwa yule anayekimbilia muda au zawadi, ambaye miguu yake imeshakomaa kwa miezi ya mazoezi na amekijaribu na kuona kinamsaidia yeye mwenyewe.

Kwa kijana anayeanza, akiwa na ndoto ya kufika mbali na familia inayomtazama, mpangilio huo una uzito. Jozi moja ya kaboni iliyonunuliwa kwa mkopo, ikivaliwa kila siku kwenye barabara ya mawe, inaweza kuisha kabla ya mashindano ya kwanza na kumwachia jeraha la mfupa. Thamani hiyo hiyo ikigawanywa kwa viatu viwili imara vya mazoezi, inampa miezi kadhaa ya kukimbia bila kusimama, na miezi hiyo ndiyo itakayomfikisha kwenye mstari wa kuanzia akiwa mzima.